Baba wa Ukutani

Siku ya thelathini na nane

"Baba ameamka," alisema Tumsifu.

Nilikuwa nimepiga magoti nikimfunga viatu. Pazia la chumbani lilikuwa limeshushwa, na nyuma yake nilimsikia mume wangu akikoroma ule mkoromo wake mwembamba wa mtu aliyeingia zamu jioni na kutoka jua likichomoza. Hazikuwa zimepita dakika ishirini tangu alale.

"Baba amelala, mama. Usipige kelele."

"Huyu ameamka." Akanyoosha kidole ukutani.

Kioo kilikuwa mahali pake, kati ya kalenda ya kanisa na saa. Ndani yake Ntandu alikuwa amesimama wima, mikono ya shati ameikunja, shingo imejaa, macho maangavu. Alikuwa akimpungia Tumsifu kwa vidole viwili, vilevile alivyokuwa akinipungia mimi wakati wa uchumba, ng'ambo ya barabara pale stendi. Mume wangu hajanipungia hivyo kwa miaka miwili.

Nikampungia na mimi. Sijui kwa nini. Mtu akikupungia, unampungia.

Tulipewa kioo kile siku ileile Ntandu alipowekewa punje. Punje yenyewe ni ndogo kuliko mchele, inakaa chini ya ngozi ya nyonga, na kazi yake ni kutoa testosteroni, ile homoni ya kiume ambayo damu yake ilikuwa imepungukiwa. Alipimwa mara mbili, siku mbili tofauti, na mara zote mbili ilikuwa chini. Upungufu huo ndio uliomfanya awe mtu wa kukaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi, amesahau alitaka kuifanyia nini.

Nesi Mwajabu, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuuza samaki, alituambia ukweli bila kuuzungusha. "Wiki ya tatu, ya nne, ya sita, labda moyo utaanza kuchangamka. Hamu ya chumbani nayo papo hapo. Nguvu za mwili, hesabuni miezi mitatu au minne. Wengine mwaka mzima. Na mtoto wa pili mwambieni angoje huko aliko, maana dawa hii huilaza mbegu ya mwanaume. Mmesikia wote wawili?"

Tulisikia. Lakini kusikia ni kitu kimoja na wiki ya tano ni kitu kingine. Wengi huacha dawa wiki ya tano, ndiyo maana wakubwa wa kliniki wakaleta vioo. Kioo kinasoma punje kila saa, kinapiga hesabu, kisha kinakuonyesha mtu utakayekuwa siku ya mia na themanini. Uone unachokisubiri.

Chini ya kioo kuna kibao chenye kishimo cha kidole gumba. Dozi ina ngazi tano, na Ntandu yuko ya pili. Kupanda ngazi kunataka kidole, na kidole chenyewe si cha mgonjwa. Mwanzoni kilikuwa chake, lakini watu walijipandishia ngazi tatu kwa siku moja, damu zao zikawa nzito kama uji wa ulezi, wengine wakaanguka wasiinuke. Siku hizi sheria inataka mtu wa nyumbani. Kliniki wanatuita walinzi wa dozi. Huku kwetu Kota za Chumvi wanatuita wenye kidole, na wanaume wakinikuta dukani hunitania: "Shemeji, kidole hicho usikatie vitunguu."

Nilicheka nao. Nilikuwa bado sijajua uzito wake.

*

Saa kumi jioni pazia lilisogea.

"Za asubuhi, Mama Tumsifu."

"Nzuri. Umeamkaje?"

Ndivyo tunavyosalimiana Kota za Chumvi. Asubuhi ya mtu wa zamu ni pale anapofumbua macho, na hakuna anayecheka. Kutoka mlangoni kwetu unayaona matenki yote sita, makubwa kama vilima, yamejaa chumvi iliyoyeyushwa kwa jua la mchana ili miji ya mbali iwake taa usiku. Ntandu ni mlinzi wa mabomba. Chumvi ikipoa kidogo tu huganda ndani ya bomba kama jiwe, na yeye ndiye anayejua kuirudisha.

Alikaa kitandani. Soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Akaanza kuitazama.

"Nimelala saa tisa nzima," akasema. "Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala. Hii punje wameniwekea ya mchele kweli."

"Nesi alisema siku ya arobaini na tano anakuja kupima. Bado wiki moja."

"Bado wiki, bado mwezi, bado mwaka. Kule kazini jana nimeshindwa kufungua vali, Mama Tumsifu. Vali ninayoifungua tangu nina miaka ishirini na mbili. Nikawaambia wenzangu imeshika kutu." Alisema hivyo bila kuinua macho. "Wanasema ukilala mara tatu zamuni wanakuhamishia getini. Nimeshalala mara mbili."

Nikakaa karibu yake.

"Kidole kimoja tu," akasema. "Ngazi moja. Sheria inakuruhusu. Hata yeye amechoka kunisubiri, hebu mtazame."

Nikageuka kutazama ukutani. Yule wa asubuhi hakuwa amesimama tena. Alikuwa amekaa ametupa mgongo, mabega yamelegea, kichwa kimeinama, kama nguo iliyoanikwa ikaloweshwa na mvua. Asubuhi nzima nilimwona anatembeatembea mle ndani, nikadhani ni mtu asiyejua kuchoka. Mume wangu alikuwa ameamka, na yeye amezimika.

Nikavuta khanga mabegani. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Nipe siku mbili nifikiri," nikamwambia.

"Fikiri," alisema Ntandu. "Wewe ndiye msomi." Hakusema kwa kejeli. Kejeli nayo inataka nguvu.

*

Siku ya arobaini

Tumsifu alikataa kunywa uji mezani. Aliburuta kigoda chake hadi chini ya kioo, akakaa hapo na kikombe, na yule wa kiooni akachuchumaa ili nyuso zao zilingane. Akakenua, naye akakenua. Akaweka kiganja chake kidogo kwenye kioo. Kiganja kikubwa kikaja upande wa pili kikalala juu yake.

"Njoo unywe uji huku, mama."

"Nakunywa na baba."

"Baba amelala ndani."

"Yule anakoroma," alisema, kama mtu anayenifafanulia jambo rahisi. "Baba yuko ukutani."

Mtoto ana miaka miwili na nusu. Hajawahi kumjua baba anayechuchumaa.

Nilimbeba nikampeleka kwa jirani, nikarudi kuosha vikombe. Nilikuwa nimekipa kioo mgongo niliposikia naitwa.

"Mama Tumsifu."

Ilikuwa sauti ya Ntandu, lakini sauti ya zamani, ile yenye kicheko chini yake. Pazia lilikuwa limetulia. Mkoromo ulikuwa unaendelea.

Nesi alituambia kwamba kioo kinaweza kusema maneno machache ya kutia moyo. Mpaka siku ile kilikuwa kimesema "pole na kazi" na "tuko vizuri".

"Abee," nikaitika, mdomo ukinitangulia.

"Kidole tu."

Nilifuta mikono kwenye khanga taratibu. "Wewe ni nani?"

"Mume wako." Akatabasamu, na lile pengo dogo la jino la pembeni lilikuwepo. "Nimechelewa tu."

Sitaandika hapa kwamba sikutamani. Nilitamani. Nina miaka ishirini na sita, na miaka miwili nimelala kando ya mtu mwema ambaye mwili wake ulikuwa umemuaga kabla yake. Nilikuwa namwona mume wangu mzima, umbali wa mkono, ananiomba kitu kinachonichukua sekunde moja. Kumnyima ni ukatili gani? Na huyu aliyelala nyuma ya pazia naye anaomba hilohilo. Wote wawili wanataka. Anayekataa ni mimi peke yangu, na mwili wenyewe si wangu.

Nikasogea, nikaweka kidole gumba juu ya kishimo, bila kugusa. Kishimo kilikuwa na uvuguvugu, kama kimetoka kushikwa na mtu mwingine.

"Hapo hapo," alisema yule wa kiooni. Alikuwa amesogea mbele mpaka paji la uso limegusa kioo. Akapumua, na kioo kikafunga ukungu.

Nikaufuta ukungu ule kwa kiganja. Haukufutika. Ulikuwa upande wake.

Papo hapo nikagundua kwamba chumba kiko kimya. Mkoromo ulikuwa umekatika.

Nilikimbia nikalifungua pazia. Ntandu alikuwa hai, amegeukia ukuta tu, lakini uso wake ulikuwa mwekundu chini ya weusi wake, na shingoni mshipa ulikuwa unadunda kwa kasi ya mtu anayepanda ngazi. Jasho lilikuwa limelowesha mto. Nikamwekea mkono kifuani. Mtu huyu alikuwa anakimbia, na alikuwa amelala fofofo.

Nilikaa naye mpaka moyo ulipotulia. Kisha nikachukua daftari langu.

Nasoma sekondari ya jioni, Jumanne na Alhamisi, kwenye ukumbi wa kota. Nilikatisha shule nikiwa kidato cha pili, na mwaka huu nitafanya mtihani wa kidato cha nne nikijaliwa. Mwalimu wetu wa baiolojia ana msemo mmoja: ukiogopa kitu, kipime. Basi nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika yule wa kiooni yukoje, upande mwingine Ntandu yukoje, kila saa, tangu saa moja asubuhi hadi anapoondoka kwenda zamu, siku ile na iliyofuata.

Saa mbili asubuhi: wa ukutani anaruka kamba isiyokuwepo, wa kitandani amelala, moyo mbio. Saa sita: wa ukutani ameegemea. Saa tisa: amekaa. Saa kumi: wa kitandani ameamka, wa ukutani amezimika. Saa kumi na mbili jioni: Ntandu anatoka kwenda kazini akiburuta miguu, na kioo kinaonyesha kiti kitupu.

Nilisoma ule ukurasa mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kwamba yule mtu anakula nguvu za mume wangu akiwa amelala, na nywele zikanisimama. Mara ya tatu nikakumbuka somo la homoni, mwalimu akichora kilima ubaoni: testosteroni hupanda mtu akiwa usingizini, huwa juu kabisa anapoamka, kisha huteremka mchana kutwa.

Kilima cha mume wangu kilikuwa kinapanda saa kumi na mbili asubuhi. Yaani anapoingia kulala.

Nikampigia simu Nesi Mwajabu.

*

Siku ya arobaini na mbili

Alifika jioni na gari la kliniki, akiwa na mkoba wake na mfuko wa vitumbua vya Tumsifu. Ntandu alikuwa ndiyo kwanza ameamka.

"Za asubuhi, nesi," alimsalimu.

Nesi Mwajabu akaitazama saa, akamtazama mgonjwa. "Asubuhi ya wapi, baba?"

"Ya kwetu."

Nikampa daftari. Alilisoma amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Kisha akamlaza Ntandu, akaweka kisomeo, kile kidude cha kusomea punje, kwenye nyonga, akachukua na damu kidoleni. Akasoma namba, akarudi kwenye daftari, akazisoma tena.

"Punje zote zinatoka kiwandani zimepangwa zitoe mpigo mkubwa alfajiri," akasema hatimaye. "Kwa mwili unaolala usiku. Baba Tumsifu, kwenye fomu yako hapa kazi yako imeandikwa fundi mabomba. Nikadhani unaziba masinki ya watu."

"Hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi."

"Sikuuliza. Hilo ni langu, na naliomba radhi mbele ya mkeo." Akavua miwani. "Siku arobaini na mbili mwili wako umekuwa ukipewa asubuhi wakati unalala, na jioni wakati unaamka. Dawa ipo. Inafika mlango umefungwa."

Ntandu akajiinua kwa kiwiko. "Basi tuongeze ngazi. Hata ikifika imelala itafika nyingi."

"Hii hapa ni damu yako." Nesi akamgeuzia kisomeo aone namba. "Uzito wake umegusa mstari mwekundu. Bado hujavuka. Mkeo angebonyeza juzi, leo nisingekuja na vitumbua."

Nilitazama kidole changu gumba. Kilikuwa na alama ya kisu cha kukatia vitunguu.

"Kwa hiyo?" Ntandu aliuliza.

"Dozi inabaki ngazi ya pili. Nahamisha saa tu, ipige unapokaribia kuamka. Damu naipima tena baada ya wiki mbili, maana huo mstari siuamini. Halafu tunaanza kuhesabu. Leo ni siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza." Alirudia polepole. "Siku arobaini na mbili zimeenda wapi?"

"Zimeenda, baba. Sina namna ya kuzirudisha."

Ntandu akageukia ukuta, kama anavyogeuka akiwa usingizini. Nesi Mwajabu akahamisha saa ya punje kwa kisomeo. Kazi ya nusu dakika. Nikamsindikiza hadi sebuleni, nikamuuliza kwa sauti ya chini, maana kioo kilikuwa pale pale.

"Nesi, kile kitu kina roho?"

"Hakina. Kinasoma punje, na kinasoma nyuso zenu. Kimefundishwa kumfanya mgonjwa asikate tamaa. Mkikitazama, kinajua kimefaulu. Msipokitazama, kinatafuta neno jingine."

"Kiliniomba kidole."

Alisimama. Aliingiza mkono kwenye mkoba, akautoa mtupu, kama mtu aliyesahau alikuwa anatafuta nini.

"Hawakukifundisha hilo," akasema. "Kitakuwa kimejifunza hapahapa. Nitaandika ripoti. Nikiondoe?"



"Kiache," alisema Ntandu mlangoni. Alikuwa amesimama, ameshika fremu, mguu mmoja una soksi. "Na mimi nataka kukiona."

*

Gari lilipoondoka, mwanga wa jioni ulikuwa umeingia mpaka katikati ya sakafu. Tumsifu alikuwa anakula kitumbua chini ya meza. Nilitegemea kiti kitupu kiooni, kama jioni zote.

Alikuwepo. Kioo kilikuwa kimeisoma saa mpya ya punje, na yule mtu alikuwa amesimama amejaa fremu yote, karibu mno, shati limekunjwa, na kwa mara ya kwanza wote wawili walikuwa macho kwa wakati mmoja. Walitazamana. Mmoja alikuwa na shingo nene na macho ya moto. Mwingine alikuwa na fulana iliyochoka na alama ya mto shavuni.

"Kidole," alisema wa ukutani. Hakutabasamu. Alikuwa ananiambia mimi lakini anamtazama yeye. "Kidole, Mama Tumsifu. Nimesubiri siku arobaini na mbili."

Nikamtazama mume wangu. Nilijua kwamba akiniomba tena wakati ule, uso wake ukiwa vile, sina hakika mkono wangu ungefanya nini. Nilimpenda. Hilo ndilo lililokuwa hatari.

Ntandu hakuniomba. Alitembea mpaka kwenye kioo. Akakunja kidole, akagonga kioo kwa kifundo, mara mbili, kisha akaweka sikio. Nimeshamwona akifanya hivyo kazini, siku nilipompelekea chakula: anagonga bomba, anasikiliza chumvi imeganda mpaka wapi.

"Unajua bomba likiganda tunafanyaje?" akamuuliza yule wa ndani.

Akahamisha sikio chini kidogo.

"Vijana wapya huliwashia moto wote. Lile joto linaikuta chumvi imeziba mbele na nyuma, haina pa kwenda. Bomba linapasuka. Nimezika mtu kwa ajili hiyo." Akagonga tena, taratibu. "Unalipatia joto kidogo, unangoja. Unagonga. Bado. Unalipatia kidogo tena. Inaweza kukuchukua zamu nzima umekaa pale na kikombe cha chai, na watu wa mjini wanapiga simu wanauliza taa ziko wapi. Unawaambia zinakuja."

Sauti yake ilikuwa ileile ya uchovu. Lakini yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema mwaka ule kwa pumzi moja.

Wa kiooni akainua kiganja, akakibandika kwenye kioo, na ukungu ukaanza kukua kuzunguka vidole vyake.

"Subiri," Ntandu akamwambia. "Nakuja."

Kisha akakipa kioo mgongo, akarudi, akakaa ukingoni mwa kitanda, pazia likiwa wazi. Soksi ya pili ilikuwa imeangukia sebuleni. Tumsifu akatoka chini ya meza na mafuta ya kitumbua mashavuni, akaiokota. Alimtazama wa ukutani, ambaye alikuwa amemnyooshea mkono. Akamtazama wa kitandani, ambaye hakuwa amemwita. Akasimama hapo katikati, soksi mkononi.

Akampelekea wa kitandani.

"Vaa, baba," akamwambia. "Utachelewa."

Ntandu akaivaa. Mimi nikachukua kalamu, nikaenda kwenye kalenda ya kanisa, na kwenye kisanduku cha siku ile nikaandika moja. Nilipokuwa naandika, kwa pembe ya jicho, niliona kiooni kitu kikishuka taratibu. Sikutaka kutazama, lakini nikatazama.

Yule mwingine alikuwa ameketi. Mguu wake mmoja ulikuwa mtupu, mikono ameiweka magotini, na alikuwa anangoja.